Marekani: Raia wanaofungiwa mlango wa kura

SIKU ya Jumamosi, Februari 4 mwaka 2012, wanachama wa chama cha Republican katika jimbo la Nevada nchini Marekani waliitwa kumchagua mtu waliyemtaka akipeperushe bendera ya chama chao katika mbio za urais. Hawakuitwa kutumbukiza karatasi sandukuni wakati wowote kati ya asubuhi na jioni, kama tulivyozoea sisi. Waliitwa mkutanoni, kwa saa iliyopangwa, na asiyeweza kufika kwa saa hiyo hakuwa na njia nyingine ya kulisema lake. Mayahudi washikao Sabato wakauliza watafanyaje. Kwao Jumamosi, mpaka jua litue, si siku ya kuandika, wala ya kutia saini, wala ya kuendesha gari. Waadventista Wasabato nao wana siku hiyohiyo.

Chama katika kaunti ya Clark, ulimo mji wa Las Vegas, kikatafuta ufumbuzi. Kikafungua mkutano mmoja wa ziada baada ya jua kuzama, katika majengo ya shule moja ya Kiyahudi. Hata hivyo mlangoni paliwekwa sharti: kila aingiaye atie saini tamko la kiapo kwamba ni dini, na si jambo jingine, iliyomzuia kuhudhuria mapema. Basi wakatokea watu waliokuwa kazini mchana kutwa, wakisema nao wana haki ya kuchagua. Imani ilipewa mlango wa pili, kazi haikupewa.

Ndugu msomaji, tumeanza na kisa hiki kwa sababu msomaji wa ukurasa wa Ijumaa hahitaji kufafanuliwa maana yake. Laiti mkutano wa namna hiyo ungeitishwa Ijumaa saa saba mchana katika mji wenye misikiti, hapana shaka kila mmoja wetu angejua upesi nani atakuwemo na nani hatakuwemo. Kwetu Tanzania wapo waliolalamika miaka mingi kuwa uchaguzi wa Jumapili unawaondoa Wakristo kanisani. Chaguzi za 2010 na 2015 zilifanyika Jumapili, na mwaka 2020 siku ikawa Jumatano. Siku na saa ya kupiga kura si mambo madogo, na anayezipanga ameshachagua sehemu ya wapiga kura kabla hawajachagua wao.

Jambo lenyewe huitwa kokasi. Katika majimbo mengi ya Marekani vyama huteua wagombea wao kwa kura za mchujo: serikali ya jimbo hufungua vituo, watu hupiga kura ya siri siku nzima, na wengi wao wanaweza kupiga mapema au kwa posta. Kokasi ni mkutano wa wanachama wa mtaa mmoja, unaoendeshwa na chama chenyewe katika shule, maktaba, kanisa, au hata sebule ya mtu. Jimbo la Iowa, lenye watu kama milioni tatu na mitaa ya kura ipatayo 1,700, ndilo lililoutangaza utaratibu huu duniani, maana tangu miaka ya 1970 ndilo lililofungua pazia la mbio za urais.

Kwa Wademokrati wa Iowa mambo yalikwenda hivi. Watu walikusanyika saa moja jioni, katika baridi ya Januari au Februari. Kila kundi likasimama pembe yake ya ukumbi: wa mgombea huyu hapa, wa yule kule. Wakahesabiwa kwa vichwa. Kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliomo likavunjwa, na watu wake wakavutwa mikono na majirani zao wajiunge na kundi jingine. Kisha wakahesabiwa tena, na wajumbe wakagawiwa. Makundi mawili yakilingana na mjumbe wa kugawana akabaki mmoja, ilirushwa sarafu. Kule Nevada, jimbo la makasino, Wademokrati walichomoa karata, na mwenye kubwa akachukua mjumbe. Tunaliacha hilo kama lilivyo. Msomaji wetu analo la kusema juu ya karata bila kusaidiwa nasi.

Wako wanaousifu utaratibu huu, na sifa zao zina ukweli. Jirani anazungumza na jirani, mtu analazimika kutetea chaguo lake mbele ya wanaomjua, na mgombea asiye na fedha nyingi anaweza kujenga jina kwa miguu yake katika mitaa midogo. Mtu aliyewahi kukaa baraza la pwani, pakazungumzwa jambo la mtaa mpaka usiku mkubwa, anaweza kuuona uzuri wake. Lakini baraza halina sharti la kubaki mpaka mwisho ndipo maneno yako yahesabiwe, na wala mwajiri wako hakai pembeni akitazama umesimama pembe gani. Katika kokasi ya Wademokrati wa Iowa siri ya kura haikuwepo. Mke alisimama mbele ya mume, mfanyakazi mbele ya bosi, mpangaji mbele ya mwenye nyumba.

Tena, nani anaweza kutoa saa mbili au tatu za jioni moja isiyobadilika? Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi. Mama wa watoto wachanga asiye na wa kumwachia watoto atajitahidi, pengine asiweze. Mzee asiyeweza kutembea juu ya barafu, mgonjwa aliyelazwa, askari aliyepelekwa ng'ambo, mpishi wa mkahawa, dereva wa lori aliye safarini, wote hawa ni raia wenye kadi halali, na wote, kwa miaka mingi, walikosa sauti bila mtu yeyote kuwaambia kuwa wamekatazwa. Hii ndiyo hila ya jambo lenyewe, kwamba hapana sheria iliyoandikwa kumzuia muuguzi, ila saa ya ukutani.

Nevada waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2008 Wademokrati wa jimbo hilo walifungua vituo tisa vya kokasi ndani ya mahoteli makubwa ya kasino mjini Las Vegas, ili watandika vitanda, wapishi na wahudumu walio zamuni waweze kushiriki palepale walipo. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli kilipotangaza kumuunga mkono Barack Obama, ghafla ikafunguliwa kesi ya kutaka vituo hivyo vifungwe, kwa hoja kuwa vinawapendelea baadhi ya wafanyakazi na kuwaacha wengine. Waliofungua kesi ni chama cha walimu wa jimbo pamoja na wengine, na wengi waliona nyuma yake mkono wa waliompenda Hillary Clinton. Jaji wa mahakama ya shirikisho akaikataa kesi siku mbili kabla ya mkutano. Tunachokiona hapa ni kwamba haki ya mtandika kitanda ilipata wapinzani pale tu ilipojulikana atasimama pembe gani.

Je, kokasi hubadili matokeo, au ni lawama za walioshindwa? Jimbo la Washington, lililo kaskazini magharibi, lilitoa jaribio ambalo mtaalamu asingeweza kulipanga vizuri zaidi. Mwaka 2008 Wademokrati wa huko walifanya kokasi mwezi Februari, wakahudhuria watu kama robo milioni, na Obama akapata takriban theluthi mbili ya wajumbe. Siku kumi baadaye jimbo likafanya kura ya mchujo ambayo chama kilikuwa kimeshatangaza kuwa haitahesabiwa. Pamoja na kuambiwa kuwa ni kazi bure, walipiga kura karibu watu 700,000, na Obama akashinda kwa pointi chache tu. Mwaka 2016 yakawa makubwa zaidi. Bernie Sanders alishinda kokasi ya Washington kwa zaidi ya asilimia 70. Katika mchujo wa mwezi Mei, usiohesabiwa vilevile, Hillary Clinton akashinda, na waliopiga kura walikuwa zaidi ya mara tatu ya waliohudhuria mikutano. Nebraska ilifanya hivyohivyo mwaka huohuo: kokasi kwa Sanders, mchujo kwa Clinton. Majimbo ni yaleyale, chama kilekile na wagombea walewale, ila mlango ulipopanuliwa walioingia walikuwa watu wengine.

Baada ya 2016 chama cha Democratic kiliyahimiza majimbo yaiache kokasi. Colorado, Minnesota, Maine, Utah, Idaho, Nebraska, Kansas na Washington yakahamia kwenye kura. Iowa ikang'ang'ania. Mwaka 2019 ilipendekeza watu wasioweza kufika washiriki kwa simu, na uongozi wa taifa wa chama ukakataa kwa hofu ya wadukuzi. Badala yake, kwa kokasi ya Februari 3 mwaka 2020, vikafunguliwa vituo vya ziada, baadhi katika maeneo ya kazi na nyumba za wazee, vitatu hata nje ya nchi katika miji ya Paris, Glasgow na Tbilisi, na vingine ndani ya misikiti. Wasioijua Iowa watashangaa kusikia misikiti, lakini jimbo hilo la wakulima wa mahindi lina Waislamu wa zamani. Mjini Cedar Rapids ungali umesimama msikiti mdogo wa mbao uliojengwa mwaka 1934 na wahamiaji wa Kiarabu, ambao Wamarekani huuita mama wa misikiti yao.

Usiku huo wa 2020 programu ya simu iliyotengenezwa kupeleka matokeo iliharibika, laini za simu zikazidiwa, na taifa likakaa siku kadhaa bila kujua nani ameshinda kati ya Pete Buttigieg na Sanders. Aibu hiyo ya mitambo ndiyo iliyoiondoa Iowa katika nafasi yake ya kwanza upande wa Wademokrati. Mwaka 2024 walitumia kadi za posta, matokeo yakatolewa mwezi Machi. Tunakiri kwamba jambo hili linatutia simanzi kidogo. Kilio cha mama mwenye watoto na mzee asiyetembea kilisikika kwa miaka arobaini na zaidi pasi na kuwaondoa wakubwa vitini, lakini kuharibika kwa programu ya simu kuliwaondoa kwa usiku mmoja.

Warepublican hawakuiacha. Mwaka huohuo wa 2024 Nevada ilikuwa na sheria ya kura ya mchujo, nacho chama chao kikaitisha kokasi yake siku mbili baadaye na kuwagawa wajumbe humo. Nikki Haley alibaki peke yake kati ya wenye jina kubwa katika mchujo usio na wajumbe, akashindwa na kisanduku cha Nevada kisemacho kuwa mpiga kura hamtaki yeyote kati ya waliotajwa.

Basi tumesema habari za wanaozuiwa na saa. Wako wanaozuiwa na hukumu, na Iowa, kwa namna ya ajabu, ndiko njia hizi mbili zinakokutana.

Katiba ya Iowa inamnyima kura aliyetiwa hatiani kwa kosa la fedheha, na mahakama zimelitafsiri hilo kuwa kosa lolote kubwa la jinai. Haina mwisho: akitoka gerezani, akimaliza kifungo cha nje, akizeeka akiwa raia mwema, bado hana kura mpaka gavana amrudishie. Julai 4 mwaka 2005, siku ya uhuru wao, Gavana Tom Vilsack alitoa amri ya kuwarudishia kura wote waliomaliza adhabu. Januari 2011 Terry Branstad akarejea madarakani, na siku yake ya kwanza ofisini akaifuta. Waliokuwa wamekwisha kurudishiwa wakabaki nayo, waliofuata wakaambiwa waombe mmoja mmoja.

Kati ya amri hizo mbili akanaswa mwanamke mmoja, mama wa watoto, aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la dawa za kulevya. Alipohukumiwa aliambiwa na wakili wake kuwa akimaliza muda wa uangalizi kura yake itarudi, na kwa sheria ya siku ile wakili alisema kweli. Mwaka 2013, katika uchaguzi wa mji mdogo ambao mgombea wake hakuwa hata na mpinzani, alikwenda kupiga kura. Akashtakiwa kwa kiapo cha uongo, kosa ambalo lingeweza kumpeleka gerezani kwa miaka mingi. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia baada ya muda mfupi. Akafungua kesi yake mwenyewe kudai haki ya kura, na mwaka 2016 Mahakama Kuu kabisa ya Iowa ikamkatalia kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Mama huyu hakuiba kura wala hakumnufaisha mtu. Alidhani tu kwamba deni lake kwa jamii limelipwa.

Asili ya makatazo haya ni muhimu ijulikane. Baadhi ni ya kale na yametoka Uingereza pamoja na wahamiaji wa kwanza. Lakini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watumwa walipoachwa huru na marekebisho ya 15 ya katiba mwaka 1870 yakakataza mtu kunyimwa kura kwa rangi yake, majimbo ya kusini yakatafuta mlango wa pembeni, na sheria ya jinai ikawa mmojawapo. Mississippi katika katiba yake ya mwaka 1890 iliorodhesha makosa ya kumwondolea mtu kura: wizi, uvunjaji nyumba, uchomaji moto, kughushi, kuoa wake wengi na mengineyo yaliyodhaniwa kuwa ni ya watu weusi. Uuaji na ubakaji havikuwemo. Kwa zaidi ya miaka sabini, mpaka 1968 yalipoongezwa, mwuaji wa Mississippi alibaki na kura yake, naye mwizi akaikosa maisha. Mwaka 1896 mahakama ya juu ya jimbo hilohilo ilikiri waziwazi nia ya waandishi wa katiba ile, wala haikuona haya. Kule Alabama, mwenyekiti wa mkutano wa katiba wa 1901 alitangaza katika hotuba ya ufunguzi kuwa lengo ni utawala wa weupe kwa njia ya sheria, na ilichukua mpaka mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani kulifuta fungu la makosa lililotungwa humo.

Mahakama hiyohiyo, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1974, katika kesi iliyotoka California, kwamba kumnyima kura mwenye hatia ya jinai si kinyume cha katiba, kwa sababu marekebisho ya 14 yenyewe yanataja adhabu hiyo. Uamuzi huo haujatenguliwa. Kwa sababu hiyo leo haki ya mtu mmoja inategemea ramani. Akiwa Maine au Vermont atapiga kura akiwa ndani ya seli, na tangu 2020 vivyo hivyo mkazi wa mji mkuu, Washington D.C. Massachusetts nayo iliwaruhusu wafungwa mpaka mwaka 2000, wananchi walipopiga kura kuwanyang'anya. Ni jimbo hilo lililomfunga kijana aliyekuja kujulikana kwa jina la Malcolm X, kuanzia 1946 hadi 1952. Akivuka mpaka mmoja, mtu huyohuyo hana kitu.

Hakuna jimbo lililoonyesha uzito wa jambo hili kuliko Florida. Mwaka 2000 George W. Bush alipata urais kwa kulishinda jimbo hilo kwa kura 537. Kabla ya uchaguzi huo, orodha ya watu waliodhaniwa kuwa na hatia za jinai ilitengenezwa na kampuni binafsi kwa kulinganisha majina na tarehe, tena kwa ulegevu. Watu wasiowahi kusimama kizimbani wakafika kituoni na kukuta wamefutwa, kwa kuwa tu jina lao lilifanana na la mhalifu fulani. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ililichunguza jambo hilo na kutoa ripoti yake mwaka 2001, ikaonyesha kuwa mzigo ulianguka zaidi juu ya weusi. Hebu tutafakari: 537. Misikiti mingi ya Kariakoo ina watu zaidi ya hao katika swala moja ya Ijumaa.

Mtu aliyeibadili Florida ni Desmond Meade, aliyewahi kufungwa, akalala mitaani bila nyumba, kisha akasoma sheria mpaka akahitimu. Mkewe alipogombea ubunge wa jimbo mwaka 2016, Meade hakuweza kumpigia kura. Yeye na wenzake wakakusanya saini, na Novemba 2018 marekebisho ya nne ya katiba ya Florida yakapita kwa karibu asilimia 65, ilhali yalihitaji 60. Watu wapatao milioni 1.4, isipokuwa wenye hatia za uuaji na za kijinsia, walitarajiwa kurudishiwa kura.

Furaha haikudumu mwaka. Mwaka 2019 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba adhabu haijakwisha mpaka mtu alipe faini, fidia na ada zote za mahakama. Ilipofika mahakamani ikabainika kioja: jimbo lenyewe halikuwa na daftari moja la kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Jaji Robert Hinkle aliamua Mei 2020 kuwa huwezi kumzuia mtu kwa deni asiloweza kulilipa au asiloweza kulijua. Septemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamtengua. Agosti 2022 Gavana Ron DeSantis akatangaza kukamatwa kwa watu 20 kwa kupiga kura mwaka 2020 bila haki. Baadhi yao walikuwa wamepewa kadi za kupigia kura na maofisa wa serikali yenyewe, wakazipokea kwa nia njema.

Mwaka 2024, Donald Trump, aliyetiwa hatiani New York kwa makosa 34 mwezi Mei, alipiga kura yake Florida mwezi Novemba bila kizuizi. Ilikuwa halali kabisa. Kwa hatia iliyotoka jimbo jingine Florida hufuata sheria za jimbo hilo, na New York humwachia kura kila asiyekuwa ndani ya gereza. Hatuna ugomvi na kura yake. Tunaitaja kwa sababu ni sheria hiyohiyo ya Florida inayomwambia mpishi au mfagizi aliyehukumiwa Florida kwa kosa dogo kuliko hayo kwamba akalipe kwanza ada za mahakama.

Kwa makadirio ya taasisi ya The Sentencing Project, walionyimwa kura kwa sababu ya hatia walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1976, wakafika milioni 6.1 mwaka 2016, wakashuka mpaka karibu milioni nne mwaka 2024. Miongoni mwa watu weusi wa umri wa kupiga kura, mmoja katika kila 22. Wengi wa hao milioni nne hawamo gerezani, bali wanaishi mitaani, wanafanya kazi na wanalipa kodi.

Msomaji anaweza kuuliza sisi Waislamu tunalitazamaje. Wako wanazuoni wa zama hizi, akiwemo marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walioifananisha kura na ushahidi: mpiga kura anashuhudia kuwa fulani anafaa. Ikiwa ndivyo, basi mafaqihi walikwisha kulijadili swali la ushahidi wa aliyeadhibiwa karne nyingi nyuma. Katika Suratun-Nur, aya ya 4 na ya 5, mwenye kumsingizia mwanamke mwema zinaa bila mashahidi wanne huchapwa na ushahidi wake hukataliwa, kisha wakavuliwa waliotubu na kutengenea. Mahanafi wakasema toba inamwondolea ufasiki tu, ushahidi wake hauirudii hadhi. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, pamoja na Mamaliki na Mahanbali, wakasema akitubu ushahidi unarudi. Hatudai kuwa mabunge ya Marekani yafungue vitabu vya fiqhi. Tunaona tu kwamba hata waliokuwa wakali zaidi walizungumzia kosa moja mahususi la ulimi, linalohusiana na ushahidi wenyewe. Hawakumjumuisha aliyeandika hundi isiyo na fedha.

Na kwetu je? Nchini Kenya wafungwa walipiga kura ya urais mwaka 2017. Tanzania sheria ilimnyima kura anayetumikia kifungo cha zaidi ya miezi sita, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifungu hicho kinapingana na katiba. Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, jina zuri. Ni haki kuuliza mhitimu wa chuo hicho hukabidhiwa nini siku ya kutoka.

Jimbo la Minnesota, wanakoishi Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, wakiwemo waliopitia kambi za Kenya na kujifunza Kiswahili huko, limejua taabu zote mbili. Februari 2014 kokasi katika mtaa wa Cedar-Riverside, mjini Minneapolis, ilivunjika kwa vurugu kwa sababu watu walifurika ukumbi mmoja, wakasukumana na kupigana. Miongoni mwa walioumizwa alikuwa Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka minne ukimbizini Kenya. Miaka miwili baadaye alisimama katika kura ya mchujo, sanduku na siri, akamshinda mbunge aliyekuwepo tangu mwaka 1973. Tangu 2020 jimbo hilo linachagua wagombea urais kwa kura ya mchujo. Na Machi 2023 Gavana Tim Walz akatia saini sheria ya kuwarudishia kura watu wapatao 55,000 waliokuwa nje ya magereza wakimalizia adhabu zao.

Iowa, jirani yake wa kusini, ilifika nusu ya njia hiyo. Agosti 2020 Gavana Kim Reynolds alitoa amri ya kuwarudishia kura waliomaliza adhabu, isipokuwa wenye hatia za mauaji, baada ya bunge lake kushindwa kupitisha marekebisho ya katiba aliyoyaomba. Kwa amri hiyo, usiku wa Januari 15 mwaka 2024, katika baridi iliyogandisha barabara, aliyekuwa mfungwa aliweza kuingia ukumbini na kukaa kati ya Warepublican 110,000 hivi waliohudhuria kokasi yao, ikiwa zamu yake ya kazi ilimruhusu. Katiba ya Iowa haikubadilika. Alichoingia nacho mlangoni ni amri ya gavana, na gavana mwingine anaweza kuifuta siku yake ya kwanza ofisini, kama ilivyofutwa ya 2005.